Mazutu ya Kibenga

Mume wangu alikuwa dereva wa greda. Nalitaja hili kwanza kwa sababu watu wa leo wanadhani barabara ikishatengenezwa basi imetengenezwa, kama nyumba. Barabara ya udongo si nyumba. Ni kama kichwa cha mtoto, kila wiki lazima ukishike. Mvua ikinyesha, asubuhi yake mume wangu alitoa ile mashine ya manjano kwenye yadi ya serikali, akapita Musaga, mtaa wa pembeni mwa mji, akashuka na barabara ya kusini akiburuta lile bamba lake la chuma, akisawazisha, akifukia mashimo, akifungua mifereji. Jioni alirudi mwekundu kuanzia nywele hadi soksi. Nilimwekea maji ya kuoga huku nikinung'unika juu ya kufua. Nilinung'unika, wala sikujua kwamba hizo ndizo zilikuwa siku nzuri.

Tulikaa Bwiza, mtaa mmoja wa mji mkuu wa Burundi. Uhuru ulikuwa na umri wa mtoto wa shule, na sisi pia tulikuwa bado vijana. Nilikuwa na mgahawa wangu mdogo mbele ya nyumba: meza mbili, mabenchi manne, pazia la maua mlangoni. Nilipika wali, maharagwe, ndagala wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani, na mchicha tunaouita lengalenga, kwa majiko mawili ya petroli niliyoyapenda kama watoto. Nasema petroli kwa maana yetu sisi, yale mafuta ya taa. Ya magari tuliita esanse, na ya malori na mashine kubwa tuliita mazutu. Waashi walikula kwangu, makarani wa sokoni walikula kwangu, na Wakongomani waliovuka mpaka na mabunda ya vitenge walikula kwangu kabla hata hawajatafuta pa kulala.

Siku redio iliposema kwamba bei ya mafuta imepanda dunia nzima, nilicheka. Nilidhani ni habari za wenye magari.

Baada ya wiki chache petroli ilitoweka. Mwenye duka niliyemnunulia miaka yote aliniangalia miguu badala ya uso.

"Mama, petroli hakuna," akasema. "Meli haijatoka Kigoma. Na hata ikifika, wa kwanza kupewa si weye."

"Wa kwanza ni nani?"

Akaanza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. Miaka ile mtu alijifunza kutojibu. Tulikuwa tumeona watu wakiondoka majumbani mwao wasirudi, na kila mmoja wetu alikuwa ameuweka ulimi wake mahali salama. Hilo nalo lielewekeni, kwa sababu hasira ninayoisimulia hapa ilikaa tumboni muda mrefu sana kabla ya kutafuta mlango.

Nikayasukuma majiko yangu chini ya kitanda, nikanunua mbabula mbili, yale majiko ya makaa. Wengi walifanya hivyo hivyo. Kwa hiyo mji mzima ukaanza kula kwa makaa, nayo makaa yalitoka milima ya kusini, juu ya malori, kwa barabara ileile ya mume wangu.

Lakini mume wangu hakuwa tena barabarani. Mkubwa wa idara yao, bwana mmoja mwenye miwani na sauti ya upole, aliwakusanya madereva akawaambia kwamba nchi haina mazutu, kila mtu akaze mkanda, mashine zitatoka kwa kazi za dharura tu. Basi mume wangu akawa anaenda kazini kila asubuhi kufuta vumbi kwenye greda na kukaa kivulini mwake. Alipaka grisi mahali palipokwisha kupakwa. Alirudi nyumbani safi, na usafi ule ulimkera kuliko matope.

Zamani, kabla ya mashine, kulikuwa na makantonye, wale wazee wenye jembe na toroli, kila mmoja na kipande chake cha barabara. Mashine zilipokuja, wazee wakaachishwa kazi. Sasa mashine hazina mazutu na wazee hawana kazi, na mifereji ikajaa majani.

Jumapili moja mume wangu alichukua baiskeli akaenda mwenyewe kutazama. Akarudi hataki kula.

"Ile kona ya kupita Musaga," akaniambia, "bomba linalopitisha maji chini ya barabara limeziba kabisa. Matope na migomba. Mvua kubwa ikija, maji hayatapata pa kupita, yatakula barabara kwa chini. Juu utaona ni nzima, kumbe chini ni shimo."

"Umewaambia?"

"Kesho nitawaambia. Mi nataka mazutu ya siku mbili tu. Siku mbili!"

Aliwaambia. Alikwenda ofisini kwa mkubwa mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa angoje. Mara ya pili aliambiwa kwamba bomba si dharura mpaka lipasuke. Mara ya tatu hakupokelewa.

Makaa yangu niliuziwa na mwanamke mmoja wa milima ya kusini. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka michache, mwili mnene, kicheko kinachosikika nyumba ya tatu. Alikuja mara mbili kwa wiki, akiwa amekaa juu ya magunia kwenye lori, kitambaa kimefungwa puani. Aliniita mdogo wangu, nami nilimwita dada. Alikuwa mjane, na kwa makaa yale alikuwa akisomesha watoto wawili kwa masista. Akifika alikaa kwenye benchi langu, nikampa chai, akaanza kulalamika juu ya mgongo.

"Mudogo wangu, ile njia imekuwa shetani," alisema. "Zamani tulitoka kwetu asubuhi, saa nne tuko hapa. Leo tunashuka, tunasukuma, tunapanda, tunashuka. We mwambie bwana yako aamushe ile mashine yake!"

"Mashine ina njaa, dada."

"Basi aipe ndizi!" Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Sikumwambia habari za bomba. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani ni kwa sababu asingeweza kupita kwingine. Barabara ilikuwa moja.

Ikafika wiki moja, mwanzoni mwa mvua, mume wangu akarudi mwekundu. Mwekundu kabisa, kama zamani, ananuka mazutu. Niliacha sufuria nikampokea mlangoni.

"Wamekupa! Umefungua lile bomba?"

Akavua viatu polepole. Siku ya pili akarudi hivyo hivyo. Siku ya tatu nilimsimamia mbele na taulo mkononi, nikamwambia haogi mpaka aseme.

"Kibenga," akasema.

"Kibenga kuna nini?"

"Kuna nyumba ya mukubwa, karibu na ziwa. Amemaliza kujenga. Jumamosi anaita wageni kula, hata waziri atakuja. Njia ya kuingia ilikuwa mbaya. Wametupa tangi nzima, na malori matano ya changarawe."

Siku tatu. Bomba liliomba siku mbili.

Nilimtukana mume wangu jioni ile. Nasema wazi, nilimtukana. Nilimwita mtumishi, nikamwita mwanamke, kana kwamba neno hilo ni tusi kutoka kinywani mwangu mimi. Nikamwambia angegeuza usukani kule njia panda, aende kusini na mazutu yao, wamfanye wanachotaka.

"Na watoto wane?" akaniuliza. "Mimi nikipotea, watoto wane utawapa nini? Moshi?"

Akaenda kuoga, na mimi nikarudi jikoni. Sikumwomba radhi. Jumamosi ile nilisikia magari yakipita kuelekea ziwani, na nikajua yanapita pazuri.

Mvua kubwa ilinyesha siku nne baadaye, tangu alfajiri. Lori la makaa lilifika kwenye ile kona asubuhi, na barabara, ambayo juu ilionekana nzima, ikafunguka. Gurudumu la nyuma lilizama, lori likalala ubavu, na magunia na watu wote wakamwagika kwenye maji. Dereva alivunjika mkono. Dada yangu wa makaa alibanwa mguu na chuma cha ubavuni.

Mambo yaliyofuata niliyasikia kwa wengi, na wote walisimulia sawasawa. Watu wa Musaga walikimbia kuomba gari la wagonjwa. Wakaambiwa gari lipo, esanse hakuna, waende kutafuta kibali. Aliyekwenda kutafuta kibali alirudi saa sita bila kibali. Wanaume waliinua lori kwa miti na mikono yao, wakamtoa, wakambeba kwenye mlango wa nyumba ya mtu, wakitembea kwa miguu mpaka hospitali. Ilikuwa saa tisa alasiri. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Nilimwona siku ya tatu. Uso wake ulikuwa umepungua, na macho yamekuwa makubwa. Nilimpelekea supu. Akanywa kidogo, akaniuliza:

"Mudogo wangu, magunia yangu walikota?"

Nilimwambia waliyaokota. Haikuwa kweli, yalichukuliwa na maji. Nikashindwa kukaa. Nilitoka nje ya hospitali nikashika ukuta, na hasira niliyokuwa nayo ilikuwa kama kitu kilichomezwa kikiwa cha moto. Wanasema hasira ni hasara. Mimi siku ile sikuona kama bado kuna kitu cha kupoteza.

Karatasi ya serikali ilisema dereva wa lori alikwenda mbio na kubeba kupita kiasi. Bomba halikutajwa. Mume wangu aliisoma ile karatasi ukutani ofisini, akarudi nyumbani akakaa kitandani na viatu.

Ndipo wakubwa wakakumbuka kwamba wananchi wanapika. Miezi michache baada ya ajali likaja tangazo: milima inaisha miti, petroli ni ghali, makaa yasiingie mjini bila kibali. Kwenye kizuizi cha barabara askari walimwagia maji magunia ya wanawake, wanawake wakisimama wanatazama. Niliyaona mwenyewe. Mti unaumia, sikatai, lakini aliyetunyima petroli na aliyetukataza makaa walikuwa wakubwa wale wale, na kwao kulikuwa na nyaya za umeme uliotoka mabwawa ya Zaire, uliopita juu ya paa zetu bila kushuka.

Dawa waliyotuletea ilikuwa nyiramugengeri, udongo mweusi wa kwenye vinamasi, unaokatwa kama matofali na kukaushwa. Wakasema ndio mafuta ya Burundi. Wakasema hatutamwomba tena Mwarabu. Wakataka kuonyesha watu wa Bwiza jinsi unavyowaka, na kwa kuwa mgahawa wangu ulijulikana, walinichagua mimi nipike mbele ya watu.

Kwanza nilitaka kukataa. Mume wangu akasema, "Ukikataa watauliza kwa nini." Nikakubali.

Walipanga viti uwanjani, chini ya turubai. Mstari wa mbele walikaa wakubwa, waziri akiwemo, na katikati yao bwana wa miwani, ambaye sasa alikuwa amepandishwa cheo na kupewa mambo ya nishati juu ya yale ya barabara. Nyuma walisimama watu, mamia. Dada yangu wa makaa alikuwa pale pia, kwenye magongo, kwa maana nilikuwa nimemchukua akae kwangu. Nilipewa mbabula mpya, aproni nyeupe na matofali kumi. Nikaagizwa nitabasamu.

Udongo ule haukuwa umekauka vizuri. Nililijua hilo nilipoushika, ulikuwa mzito kama mkate mbichi. Niliwasha. Moshi ukatoka, wa manjano, mzito, una harufu ya kinamasi na yai bovu. Upepo wa ziwa ukauchukua ukaupeleka moja kwa moja chini ya turubai. Wakubwa wakaanza kukohoa. Waziri akatoa leso. Watu nyuma wakaanza kucheka chini chini.

Bwana wa miwani akasimama, macho yanamtoka machozi, bado anatabasamu. "Mama, peleka mbabula kule mbali kidogo."

"Wapi, Muheshimiwa?" nikamuuliza. "Nyumba yangu iko na chumba kimoja na jiko moja. Kule mbali ni wapi?"

Kicheko kikaongezeka. Yeye akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Mama, kila mutu lazima avumilie. Ni kwa ajili ya nchi."

Sijui nini kilinipata. Labda ni ule upole. Nikaweka mwiko chini.

"Kwako wanapika na nini?"

Akatazama huku na huku. "Mama, hiyo si..."

"Nauliza tu. Kibenga wanapika na nini?"

Hakuna aliyecheka tena. Ulisikika tu ule udongo ukichemka kwa maji yake. Mkubwa mwingine akaanza kuinuka. Na hapo, kutoka nyuma ya watu, nikasikia sauti ninayoijua kuliko sauti zote.

"Mi ndiye nilisawazisha njia ya kule," mume wangu akasema. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayetoa taarifa kazini. "Siku tatu, tangi nzima. Niliomba mazutu ya siku mbili kufungua bomba la Musaga, wakasema hakuna. Huyu mama mguu wake umekatwa pale." Akamwonyesha dada kwa mkono. "Karatasi inasema ni dereva. Apana. Si dereva."

Nilimwangalia mume wangu kana kwamba simjui. Yule niliyemwita mtumishi.

Mkutano ulifungwa kwa haraka. Hawakumkamata pale, mbele ya watu. Siku ya pili askari mmoja alikuja na barua mbili. Yake ilimwita idarani, yangu iliniita kwenye ofisi ya zone, serikali ya mtaa wetu.

Mimi nilikwenda na mtoto mgongoni. Mkuu wa zone hakunipigia kelele. Alinieleza kwamba mgahawa wangu ni mchafu na utafungwa, isipokuwa kama niko tayari kusema kwamba sikuelewa, kwamba nilichanganyikiwa na moshi. Kulikuwa na karatasi ya Kifaransa. Nilifikiria watoto wanne. Nilimfikiria dada, ambaye sasa alikula kwangu. Nikasema sikuelewa. Nikatia sahihi. Alinipa kalamu yake mwenyewe, na niliposimama akasema asante, mama.

Mume wangu naye aliletewa karatasi yake. Hakutia sahihi. Hakubishana pia, aliisukuma tu mezani ikarudi kwa mwenyewe. Nilisikia hayo kwa dereva mwenzake, yeye mwenyewe hakunisimulia. Kabla ya wiki kwisha walimhamishia mbali, kwenye yadi moja ya milimani upande wa mashariki, si kuendesha bali kulinda mashine mbovu. Greda yake alipewa mwingine.

Alipoondoka nilimfungia mkate na ndagala. Aliniuliza, "Mgahawa utabaki wazi?"

"Utabaki."

Akatikisa kichwa taratibu. Alikuwa amekwisha jua kwamba nimetia sahihi. Hakusema neno la kuniumiza, na ningependa angesema.

Alikaa kule miaka miwili na nusu. Mgahawa ulibaki wazi, nami nikapika kwa makaa ya magendo yaliyoingia chini ya mihogo, kama kila mtu, hata mke wa mkuu wa zone. Ile nyiramugengeri ilipelekwa kambi za jeshi. Dada wa makaa alimenya viazi kwangu, akachambua mchele, na mwaka wa pili akaanza tena kucheka, ingawa si kwa nguvu ileile. Watoto wake walimaliza shule. Mmoja akawa mwalimu.

Bomba la Musaga lilitengenezwa. Walileta jipya, kubwa zaidi, kwa msaada wa wageni, na bwana wa miwani alikwenda kukata utepe. Wakatangaza watu wa Bwiza waje kupiga makofi, wakatuma lori la kutubeba, tangi lake limejaa mazutu. Lilisimama mbele ya mgahawa wangu. Utingo akanyoosha mkono anivute nipande.

Nilimwambia niko na sufuria motoni. Na kweli nilikuwa nayo. Lori likaondoka, nikarudi ndani. Dada aliniuliza ni nani aliyekuwa akiita. Nikamwambia hakuna mtu. Nikachukua mwiko nikakoroga maharagwe kwa nguvu mpaka mengine yakapasuka, na wateja siku ile walikula maharagwe yaliyopondeka, wala hakuna aliyethubutu kuuliza.